Ua Hapewi Kila Mteja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kazini. Nimevunja glasi. Nimesema maneno machache sana siku nzima, mengi yakiwa "samahani".

Mjomba alinipeleka mwenyewe asubuhi. Yeye na bosi wanajuana tangu ujanani, ndiyo maana nimepata kazi bila kuulizwa cheti — na cheti chenyewe hakijatoka, matokeo bado. Aliingia mkahawani kama anaingia sebuleni kwake. Kila meza akaitupia mzaha. Mteja mmoja alicheka supu ikamtoka puani! Sijui mjomba anafanyaje. Mimi nikitaka kusema jambo lazima nilipange kichwani kwanza, na nikimaliza kulipanga watu wameshahamia jambo lingine.

Mama ana sharti moja. Nafanya kazi kwa sababu mjomba amenisimamia. Siku mjomba akiondoa neno lake, safari ni moja kwa moja kwa mama mdogo, kumlelea mapacha. Nawapenda wale mapacha. Lakini wanalia kwa zamu, kama walinzi.

Aproni ni kubwa, kamba zake zinanizunguka mara mbili na zinabaki. Wahudumu tuko wawili tu: mimi na dada mmoja wanayemwita Kicheko, kwa sababu anacheka hata akipanga vijiko. Jikoni yuko mpishi. Watu wote, hata bosi, wanamwita Shangazi. Mnene, hana haraka, na sauti yake haihitaji mlango kufunguliwa.

Juu ya friji kuna ua jekundu la plastiki, limechomekwa kwenye chupa ya sosi. Nikasema nilipeleke mezani lipendezeshe. Kicheko alinirukia! Akasema hilo liache hapo hapo, darasa hilo bado hujafika.

Jumanne, 4 Machi

Kuna mteja wa meza ya dirishani. Ana duka la matairi ng'ambo ya barabara, lakini hanuki matairi. Ananuka manukato — yanatangulia kuingia, yeye anafuata. Humu nitamwita Bwana Manukato.

Nilipompelekea chai hakupokea kikombe. Alishika kifundo cha mkono wangu. Akauliza mtoto mzuri kama mimi nilikuwa nimefichwa wapi. Nilitaka kusema "niachie". Nikalipanga. Halikutoka. Nikasimama tu kama kigingi cha kutundikia makoti, chai inamwagikia sosa, mpaka alipoamua mwenyewe kuniachia. Wanaume wa meza ya pili walicheka.

Nimenawa mkono ule sabuni ikaisha.

Mama aliuliza kazi ikoje. Nikasema nzuri. Nikimwambia kweli, kesho niko na mapacha.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe wanajua!

Shangazi aliniita tumenye viazi. Tukamenya. Halafu, bila kuniangalia:

"Yule wa matairi amekushika wapi?"

Nikaonyesha kifundo.

"Ukafanya nini?"

Sikufanya kitu.

"Sawa. Sasa sikiliza."

Nikaelezwa habari za ua. Ua likiwekwa mezani, hakuna msichana anayeisogelea meza hiyo tena. Huduma yote inahamia kwa Shangazi mwenyewe. Anatoka jikoni polepole. Anajifuta mikono kwenye aproni. Anavuta kiti — ANAKAA. Kisha anamwuliza mteja mama hajambo. Mkewe je. Watoto wamemaliza kazi za shule? Na choo, anapata vizuri? Kwa sauti ile yake. Na chai haiji mpaka maswali yaishe.

Kicheko akasema kuna fundi saa aliulizwa habari za minyoo mbele ya baba mkwe wake. Siku hizi anakunywa chai yake mikono iko juu ya meza, kama mtoto wa chekechea.

Sheria ni mbili. Ya kwanza, bosi asijue. Bosi kwake mteja ni mfalme. Aliwahi kuambiwa, akajibu vumilieni, ule ni utani tu. Ya pili, aliyesumbuliwa ndiye anayeliweka ua. Kwa mkono wake. Anatabasamu, anasema "Karibu sana", anaondoka. Hakuna kumwekea mwenzako. Nikauliza kwa nini. Shangazi akasema akikuwekea mwingine, wewe utabaki umesimama pale pale na kikombe chako.

Wateja wenyewe hawajui maana yake. Wengi wanadhani ni heshima!

Ijumaa, 7 Machi

AIBU. Sitaki kuandika. Naandika.

Bwana Manukato alikuja. Akaniambia nikae kwenye paja lake kwa sababu viti vimejaa. Viti vilikuwa vitupu! Nikaenda kuchukua ua. Macho nimeyashusha kwenye vigae vya sakafu nisimwone. Nikafika. Nikaweka ua, nikatabasamu, nikasema "Karibu sana." Nikainua macho.

Mwalimu mstaafu!

Meza ya jirani! Mzee wa watu, anakuja na gazeti lake, anakula mayai yake, hajawahi hata kumwita mtu "wewe". Na mimi kulichukua ua tena siwezi — nitasemaje? Tena Shangazi ameshatoka. Ameshavuta kiti. Shangazi akishakaa hasimamishwi.

"Mama hajambo?"

Mwalimu akasema mama alishafariki, zamani.

"Mkeo je?"

Naye pia.

"Pole, baba. Watoto?"

Wako mbali. Wanapiga simu sikukuu.

Shangazi akanitupia jicho. Nikajificha nyuma ya trei. Lakini alikuwa ameshashika njia, akamalizia: "Na choo unapata?"

Mwalimu akakunja gazeti. Akavua miwani. Akasema — mbele ya watu wote — kwamba swali hilo hajaulizwa na mtu siku nyingi, na kwamba jibu lake lina historia. Akaanza mwanzo. Mayai yakapoa. Shangazi alijaribu kuinuka, akaambiwa subiri kidogo dada, bado sijafika kwenye goti.

Kicheko alilala sakafuni nyuma ya kaunta, anauma kitambaa.

Bwana Manukato alimaliza chai yake kwa raha zake. Alipokuwa akitoka alinikonyeza.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu amekuja mapema. Amechana nywele. Ameulizia ua.

Shangazi hasemi nami. Anasema nimemposesha bila ridhaa yake. Ila nimeona amemkaangia mayai mwenyewe, na hakuyaunguza kingo kama anavyotuunguzia sisi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeweza! Nimeweza nimeweza!

Jana nilifanya mazoezi nyumbani na birika. Naweka ua (kijiko cha mbao), natabasamu, "Karibu sana." Mama akaingia akanikuta namkaribisha birika. Akarudi nyuma taratibu akafunga mlango.

Leo Bwana Manukato alivuta kamba ya aproni yangu nikipita. Ikafunguka. Wenzake wa meza ya pili wakapiga meza kwa furaha. Nikaenda kwenye friji. Safari hii macho sikuyashusha, nilimtazama kwenye paji la uso, kama Shangazi alivyonifundisha. Ua — tap! — mbele yake. Tabasamu. "Karibu sana." Sauti ikatoka nzima, hata mimi niliisikia.

Na yeye akafurahi! Akanyoosha kola. Akawaambia wenzake mnaona, wengine tunaletewa maua, nyie endeleeni na chumvi.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Mama hajambo?" Kiti kikalia kriii.

Hajambo, akasema, bado anatabasamu.

"Namjua mama yako. Tunakutana saluni, ni mtu wa hadithi huyo! Anakupenda, hana mwingine mdomoni. Hivi ile ya kukojoa kitandani mpaka darasa la saba, dawa ilikuwa ipi? Maana nina mjukuu ana tatizo hilo hilo."

Vijiko vikasimama. Mkahawa mzima. Hata friji iliacha kunguruma, naapa.

"Usione haya, baba. Wapo wengi. Mama alisema alikuwa anakutandikia plastiki."

Meza ya pili ilicheka kuliko ilivyowahi kunicheka mimi. Mmoja alilazimika kutoka nje. Bwana Manukato alibaki anaangalia ua kama ndilo lililosema. Chai hakuisubiri. Mlangoni tulikutana, mimi na trei yangu, naye akajibana ukutani nipite. Akasema, "Samahani, dada."

Dada! Mimi!

Kwenye sinki Shangazi alinifunga upya kamba za aproni, fundo gumu, akanipiga kofi dogo la mgongo. Kicheko anaiga sauti ya Bwana Manukato mpaka sasa.

Nyumbani nilizungumza wakati wote wa chakula. Mama akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 14 Machi

Mjomba alikuja kula mchana. Nilifurahi! Nilimpangusia meza hata palipokuwa pasafi. Kicheko akaleta mkate, mimi nikaleta supu, kila mtu karibu yake kama kuna harusi.

Habari za ua zimeshafika mtaani. Akasema kwa sauti kubwa, ili wote wasikie:

"Hivi mimi mjomba mtu sina haki hapa? Nasikia wakubwa wanawekewa ua. Mimi niliyemleta binti hapa kwa mkono wangu, naletewa chumvi!"

Nikajibu pale pale, bila kupanga: "Mjomba, ua hapewi kila mteja!"

Watu walicheka! Mzaha wangu! Mjomba alicheka kuliko wote, akasema damu yangu hiyo, mdomo ameutoa kwangu.

Kicheko peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mjomba na kikapu cha mkate, amekaza shingo. Nadhani jino linamsumbua tena.

Jumatatu, 17 Machi

Balaa.

Bosi naye amesikia. Amesikia kwamba wateja wanagombea ua. Amekuja asubuhi na mfuko mkubwa, uso unang'aa — amenunua maua ya plastiki ya meza ZOTE. Mekundu. Na chupa zake.

Kicheko akamnong'oneza Shangazi: sasa utakaa meza ipi? Shangazi akazitazama meza, akatazama viti, akasema, "Makalio yangu haya yanatosha kiti kimoja kimoja."

Mwalimu mstaafu alisimama mlangoni na gazeti, maua kila upande, kama mtu aliyeshuka kituo si chake. Akaniuliza kwa upole lake ni lipi.

Na Bwana Manukato amerudi. Ameona maua kila mahali, amepata moyo. "Mtoto mzuri" imerudi. Nikaenda kwenye friji kwa mazoea — ua langu la zamani lipo, lakini nikiliweka kwenye meza yenye ua, inakuwa nini? Shada tu.

Leo nimekuwa tena kigingi cha makoti. Kwa muda mfupi. Lakini nimekuwa.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya jambo.

Asubuhi nilimwendea bosi kwenye kaunta. Nikatumia sauti yangu ya siku ya kwanza, ile ndogo. (Nimegundua naweza kuitoa na kuirudisha, kama mwavuli!) Nikasema bosi, maua yana vumbi la dukani, niyaoshe?

Akasema binti, una bidii, mjomba wako hakukosea.

Nikayaosha. Kwa maji yanayochemka. Kwenye sufuria kubwa, na mfuniko juu, nisije nikayafanyia haraka.

Yalijikunja moja baada ya jingine. Petali zikawa kama masikio ya paka mgonjwa. Rangi ikatoka, maji yakawa mekundu, Kicheko akachungulia akauliza hii supu ni ya leo? Akaenda kulala sakafuni mahali pake pa kawaida.

Bosi alikuja. Alitazama sufuria muda mrefu. Nikasema, "Nilitaka yatakate, bosi." Machozi yakanitoka — ya mvuke, lakini yeye hakujua. Akaniambia nyamaza mwanangu, si kosa lako, walioniuzia ni matapeli, ua gani haliogi!

Lile la zamani, kwa bahati, lilikuwa juu ya friji.

Mchana nililiweka kwa Bwana Manukato. Hakusubiri kiti kilie. Alinyanyuka akakumbuka kwamba ana mteja wa matairi.

Jioni Shangazi alinikatia keki, kipande cha pembeni, chenye sukari iliyoganda. Kipande hicho kila siku anakula yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika stoo, juu ya gunia la viazi, mchana kweupe. Sijawahi kuandika kazini. Mwandiko mbaya.

Mjomba yuko kule mbele, kwa wateja. Meza ya dirishani.

Amekuja na rafiki zake wawili, ana furaha, ameingia kwa mizaha kama kawaida yake. Nilikuwa na vyombo mkononi, kwa hiyo Kicheko ndiye aliyewahudumia. Nikarudi kutoka sinki. Nikaona.

Mkono wa mjomba kiunoni kwa Kicheko. Haukuwa unapita. Umetulia, kama mtu anavyoweka mkono kwenye mgongo wa kiti chake mwenyewe. Na huku anasimulia ile hadithi ya mbuzi na kinyozi, ile ninayoipenda mimi, rafiki zake wanacheka. Kicheko naye anacheka. Hapana. Meno tu. Macho alikuwa ameyapeleka kwenye vigae.

Navijua vile vigae.

Nikamwita jikoni, nikasema kuna sahani zimeungua. Sahani haziungui, lakini alikuja. Nikamwuliza ndiyo mara ya kwanza? Akachukua glasi safi akaanza kuiosha. Akasema hapana. Ijumaa ile. Wakati gani Ijumaa? Akaiosha tena ile glasi. Akasema wakati ule unatoa mzaha wako.

Watu wanacheka. Mimi nacheka. Na mkono wake nyuma ya kiti, sijauona.

Nikasema kwa nini hukuliweka ua? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto — na kweli ndiye. "Ni mjomba wako. Akikasirika, wewe unakwenda wapi?"

Amejua habari za mapacha kwa sababu nilimsimulia mwenyewe, tukacheka.

Shangazi alikuwa ameacha kukata vitunguu. Hakuna aliyemweleza, anasikia kila kitu. Akasema sheria ni aliyesumbuliwa. Akamwuliza Kicheko utaliweka? Kicheko akatikisa kichwa. Shangazi akasema basi, simlazimishi mtu, na bila ua mimi sitoki.

Nikasema nitaliweka mimi; mkono ule ulifichwa na mzaha wangu, kwa hiyo nami nimesumbuliwa.

Wote wawili wakageuka.

Shangazi akasema fikiri vizuri, mwanangu. Nikikaa pale nitauliza yale yale, sina mengine. Nikayahesabu maswali kichwani. Mama hajambo? — huyo ni bibi yangu. Mke je? — huyo ndiye aliyenishonea sare za shule. Watoto, kazi za shule — ni wale tuliolala kitanda kimoja kila likizo. Wote watatajwa mezani kwa sauti ile. Na jioni mama atakuwa ameshapigiwa simu kabla sijavua viatu.

Nikasema najua.

Kicheko akasema usifanye, niache, nimeshazoea. Hilo "nimeshazoea" ndilo lililomaliza maneno. Kicheko hajawahi kuzoea kitu, anashangaa hata vijiko vikianguka! Nikamwambia nina dakika zangu za mapumziko, nitazitumia kujipanga. Ndiyo niko hapa.

Naogopa. Niandike ukweli. Si mapacha. Naogopa uso wake akiniona naenda na ua. Kwa sababu atafurahi! Atafikiri hatimaye nimemheshimu. Atawageukia rafiki zake aseme mnaona, damu yangu hiyo. Na mimi itabidi nitabasamu.

Ua liko mapajani. Nimelipangusa vumbi, nimelinyoosha jani lililopinda. Nafanya mazoezi na gunia. Karibu sana. Karibu sana, mjomba. Tabasamu bado halijakaa. Tena.

Sauti yake hiyo, inapita mlango kabisa: "Mpwa wangu! Chai iko wapi? Na ua langu je, au mpaka nizeeke?"

Wanacheka huko. Huwa tunacheka.

Kicheko amefungua mlango wa stoo, ameushikilia kwa mgongo nipite. Hasemi tena usifanye. Jikoni bomba limefungwa. Shangazi anajifuta mikono.